Mchungaji Anayekuja Kwako na Barua Yangu

Kijiji cha Ujamaa Mwangaza,
Urambo.
Jumapili, 7 Septemba 1975

Mpendwa Kaka Silasi,

Shikamoo. Hujambo wewe na nyumba yako yote? Wifi anaendeleaje na mguu wake? Sisi huku tu wazima wa mwili. Shemeji yako Lukumani yuko kwenye vitalu vya tumbaku asubuhi na jioni. Mama mdogo Milembe bado anakohoa, lakini ulimi wake mzima, anatusema sote.

Nimesema wazima wa mwili, kaka, kwa maana moyoni nimejaa hasira.

Ulituandikia kwamba nyumba ya mchungaji hapo Kaliua haijaezekwa, na kwa kuwa wewe ni mzee wa kanisa, Mchungaji Eustace atafikia kwako. Usimpokee. Nalisema mapema, ili hata wakikuita kabla hujamaliza kusoma, hilo uwe umelipata.

Unamkumbuka Kalunde, binti wa jirani yangu Kashindye? Ana miaka kumi na mitatu, na kwaya yetu ilikuwa inasimama kwa sauti yake. Mwezi wa saba mchungaji alimwita nyumbani kwake akafue kanzu za ibada, mkewe akiwa safarini Tabora. Akamfanyia ubaya ambao mtu mzima hamfanyii mtoto. Siandiki zaidi. Mtoto alikimbilia kwa mama yake, kanzu akaziacha kwenye beseni, na akasema yote siku ileile.

Baraza la kanisa likakaa. Wanaume saba, na mimi karani, kwa sababu ya huu mwandiko wangu mnaousifu. Kura sina, kazi yangu kuandika tu. Nilidhani watamsimamisha uchungaji. Loo! Walimwuliza mtoto, mbele ya wanaume wote wale, alikuwa amevaa nini. Mwenyekiti akasema mpakwa mafuta wa Bwana haguswi. Uamuzi ukatoka: Kalunde atengwe, akae benchi la nyuma, asiimbe mpaka atubu mbele ya ushirika. Atubu nini? Na mchungaji ahamishiwe Kaliua kwa ajili ya amani ya kanisa. Amani ya nani?

Mtu akiiba mbuzi hapa kijijini, jioni ileile anasimamishwa mbele ya balozi wa nyumba kumi. Kashindye alipotaka kwenda kwa balozi, wazee wakamzuia njiani: ya kanisa yamalizwe kanisani. Basi mbuzi wana bahati kuliko watoto wetu.

Leo baada ya ibada tumemuaga mchungaji. Ilipitishwa kila nyumba itoe kuku mmoja, na mjumbe wa baraza la kanisa, mtu asiye na haya, akaenda kupiga hodi hata kwa Kashindye! Mama Kalunde alimfukuza kwa mwiko mpaka barabarani. Hiyo ndiyo furaha yangu pekee ya wiki hii. Mchungaji wamempa blanketi, wamemwimbia, wengine wamelia. Kalunde alikuwa benchi la nyuma, mdomo kaufumba. Nikaondoka mbele nikaenda kukaa naye.

Sasa na langu niliseme, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Baraza liliniagiza niandike barua ya kumtambulisha kwenu, nami nikaiandika. Niliandika kwamba ni mlezi mwema wa vijana. Kwa mkono huuhuu, kaka. Niliogopa kutengwa, sina kingine cha kusingizia. Siku ile nilishindwa hata kumega ugali.

Kisha wakaniambia niuchane ukurasa wa kikao kwenye kitabu. Niliuchana, ila sikuutupa. Keshokutwa mimi na Mama Kalunde tunaupeleka polisi Urambo. Wakinitenga, wanitenge, benchi la nyuma nimeshalijua.

Nakujua ulivyo mpole. Utasema tusihukumu, huenda ametubu. Basi aende akatubu mbele ya hakimu, siyo chini ya paa moja na binti yako Maua. Na usiseme utamwangalia. Sisi tulikuwa kijiji kizima tunamwangalia.

Barua hii anakuletea Shaban, yule muuza kanga wa Isevya, anapanda treni kesho. Sikuitia posta kwa sababu ufunguo wa sanduku la kanisa anao mchungaji mwenyewe. Yeye anaondoka Jumatano. Majibu mpe Shaban mkononi.

Nisalimie wifi, babu Lugembe na majirani wote wanaoniulizia. Maua mwambie shangazi yake anampenda, na kwamba mtu yeyote mkubwa akimtisha, hata awe na kanzu, apige kelele. Mungu awafunike nyumba nzima, yeye anayeona hata tunapochana kurasa.

Neno la mwisho. Mchungaji akifika mlangoni atakutolea ile barua ya baraza, yenye mhuri. Usibishane naye. Iweke kando ya hii, uzitazame zote mbili. Utaona ni mwandiko wa mtu mmoja. Ile waliniambia niandike.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Josepha