Ubao wa Geti la Bwana Kofia

Jumatatu, 3 Machi 1947

Nimepiga plasta stoo ya maziwa mpaka saa nne. Ukuta umenyooka. Kapseret hii yote hakuna fundi mwingine wa kunyoosha ukuta namna hii bila kamba.

Nikaitwa getini. Bwana Kofia, Mzungu mwenye shamba, amepigilia ubao, maneno meupe: HOUSE FOR SALE NEAR BEACH. Watu wa kambi ya vibarua wamesimama wananingoja. Mimi ndiye ninayejua kusoma. Nilijifunza misheni nikiwa na mvi tayari. Hausi najua, ni nyumba. Bichi najua, ndivyo Memsahibu anaita ule mchanga kando ya bwawa. Mchanga niliubeba mimi kutoka Sosiani kwa gari la ng'ombe, msimu mzima, watoto wake wapate pa kuchezea. FOR na NEAR ni vijineno, nikaviruka. Ikabaki SALE. Nikasoma sa-le. Aliyeandika amekosea herufi moja. Alitaka SALI. Nikawaambia, Bwana anahama, nyumba anaiacha iwe ya kusali. Kiprono, nyapara wetu, akauliza, "Mzee Yohana, una hakika?" Nikamwambia basi asome yeye.

Jumanne, 4 Machi

Kambi imefurahi. Jumapili watu wote watakuja kusali pale. Sala ya kwanza nitaomba mimi, wamekubaliana. Mke wangu Rebeka peke yake ananitazama vibaya. "Mzungu akupe nyumba ya vyumba tisa, halafu asahau kukwambia?" Rebeka hajui kusoma.

Ijumaa, 7 Machi

Kiprono alipeleka maziwa mjini. Karani wa duka amemwambia sale ni kuuza. Kuuza tu.

Nilikaa juu ya ndoo ya chokaa. Aibu naiweza. Lakini nyumba ikiuzwa, mwenye kuja anakuja na watu wake, na sisi tunaambiwa tutoke. Shambani kwa jirani ilikuwa hivyo. Miaka ishirini na miwili niko hapa. Kwetu Maragoli sina hata pa kusimamisha jembe. Rebeka ameshalima, anangoja mvua tu.

Kiprono ananiambia niwazuie watu wasije Jumapili. Nimekataa. Nikisema jambo, nimesema.

Naogopa.

Jumapili, 9 Machi

Walikuja wote. Vitambaa vyeupe kichwani, ngoma moja. Wakaketi kwenye mchanga wangu. Wimbo wa pili, motokaa ikaingia. Akashuka mama wa Kizungu, mjane, mzee kama mimi, ana fimbo. Amekuja kutazama nyumba. Bwana Kofia akatoka, uso mwekundu kama tofali. "Nani ameita hawa?"

Nikasimama. Nikasema ni mimi, niliona sale nikadhani ni kusali. Mbele ya kambi nzima. Mimi sijawahi kukubali kosa, hata kwa Rebeka.

Yule mama akacheka mpaka akashika nguzo ya veranda. Kiswahili anajua, cha jikoni lakini kinatosha. Akasema nyumba nimwonyeshe mimi, si Bwana. Nikamwonyesha. Msingi, mimi. Kuta, mimi. Chimni, mimi, haijawahi kurudisha moshi hata siku moja. Akauliza, "Na ubaya yake?" Bwana akanikazia macho. Ningenyamaza. Lakini nyumba ile ni kazi yangu, siwezi kuisemea uongo. Nikasema bati la chumba cha kaskazini linavuja. Lilipigwa na fundi mwingine.

Mama akaingia motokaa, akaondoka. Bwana akapita kando yangu kama kando ya kisiki.

Rebeka amesema, "Sasa umetumaliza, mzee."

Jumanne, 11 Machi

Rebeka anafunga vyungu kwa majani makavu. Sikwenda kazini. Sikuitwa.

Jumatano, 12 Machi

Kiprono amekuja mbio kutoka nyumba kubwa, hata kofia imemwanguka njiani. Mama amenunua. Amemwambia Bwana hivi: nyumba bila yule mzee wa sali, mimi hapana taka. Nikamwambia Kiprono arudie. Akarudia. Na kambi yote inabaki. Na mchangani tusali kila Jumapili, mradi tusipige ngoma kabla hajanywa chai.

Nimelia. Naandika kama ilivyokuwa. Asante Mungu. Asante kwa yule mama na fimbo yake. Asante hata kwa kosa langu, ingawa kubwa halikuwa.

Rebeka anafungua vyungu, anacheka peke yake.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Nimepanda bati la kaskazini asubuhi, nimeziba. Halitavuja tena.

Ubao umeng'olewa getini. Nikauomba, nikapewa. Nimeupigilia miguu, utakuwa benchi ya akina mama pale mchangani. Lakini kwanza nilichukua patasi. Nimekwangua mikono yote mitatu ya ile E ya SALE. Imebaki I.

Rebeka akauliza sasa imeandikwaje. Nikamsomea. Sa-li. Kama nilivyosema Jumatatu ile.

Akapangusa maji ya mvua ubaoni kwa leso, akakaa.