Baba, Sasa Tuko Timboroa

Baba yangu wa gari la Pijo jeupe,

Kesho asubuhi natoka Ruiru kwenda Kitale na mtoto wa miaka miwili asiyependa gari. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula. Ungevua kofia, ungejikuna kichwa, ungesema, "Na matairi?" Matairi ni mapya, Baba. Mafuta yamejaa. Tatizo liko kiti cha nyuma, na lina jina lako.

Hukumngoja. Ulitangulia miezi michache kabla hajazaliwa, na kwa kuwa nilimzaa bila mume wa kuleta majina ya kwao, jina la kwanza lilikuwa la kwetu. Nesi hakuwa amemaliza kuuliza nilipomwambia: Njoroge. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita Maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako? Nilikuwa mtoto wa darasa la pili, meno ya mbele hayapo, na mwanamume mzima anarudi kutoka kiwandani akinisalimia mbele ya watu, "Maitu, umeniwekea chai?" Mtaa wetu wa Makongeni, Thika, wote ulicheka. Sasa mzaha wako umekuwa kweli. Nakubadilisha nepi. Nakupangusa kamasi. Jana tu nilikutoa sabuni mdomoni, nawe ukanikasirikia.

Mama naye huko Kitale hamwiti mjukuu. Anamwita muthuri wakwa, mume wangu, kama mama yeyote wa kwetu anavyomwita mjukuu aliyebeba jina la mzee wake. Kwenye simu alikuwa akimuuliza, "Mume wangu, umekula? Utarudi lini nyumbani?" Naye mume wake anajibu, "Aroo, aroo," halafu anairamba simu. Hawajawahi kuonana. Magoti ya Mama hayataki tena safari ndefu, na mimi nimekuwa nikisema mwezi ujao, mwezi ujao.

Pasaka nilijaribu. Njoroge alianza kulia tulipotoka langoni hapa Membley, mtaa wetu wa Ruiru. Akatapika Githunguri, akatapika tena mbele kidogo. Tulipofika Uplands ukungu ulikuwa umeshuka, malori yananguruma pembeni yangu, mtoto analia kwa sauti, mimi nalia kimya, mikono inatetemeka kwenye usukani. Naiogopa ile barabara, Baba. Naiogopa tangu siku ile tuliyokusindikiza Kitale kwenda kuzikwa. Niligeuza gari.

Mama alikuwa amechinja kuku wawili na kualika wamama wa kanisa. Nilipompigia simu alisema, "Hakuna shida. Nitamwona akiwa mkubwa." Maneno yenyewe hayana ubaya. Ni ile sauti. Tangu siku hiyo akipiga simu anauliza habari za kazi na habari za mvua, anamsalimia mtoto vizuri, lakini lile swali la utarudi lini hajaliuliza tena. Naona anajizoesha kukaa bila sisi, na hilo limeniuma kuliko kama angenigombeza.

Basi nimekuwa nikiipanga safari hii kama mtu anayepanga harusi. Kwenye chumba cha walimu kila mtu ana dawa. Mmoja ananiambia nisafiri usiku mtoto akiwa amelala, na mimi mchana tu natetemeka. Mwingine ananiambia nipande ndege mpaka Eldoret, kana kwamba hajui mshahara wa mwalimu. Mwenzangu anayefundisha darasa la nne amenipa sharubati ya kuzuia kutapika na tableti yenye katuni. Nimenunua poti ya plastiki ya kijani. Nimefungasha ndizi, biskuti, waru, yaani viazi, za kuchemsha na nguo za kubadilisha nyingi mno, jirani akaniuliza kama tunahama. Kila kitu kipo, na bado nilikuwa najua moyoni kwamba nitageuza tena Uplands.

Wiki iliyopita nilienda Thika kubadilisha matairi. Fundi aliponiambia nisubiri, nikatembea mpaka Makongeni. Mlango wetu umepakwa rangi ya samawati. Pale ulipokuwa ukiegesha Pijo, kijana ameweka kibanda cha chipsi, na mafuta yake yamefanya ardhi kuwa nyeusi. Nilinunua chipsi ambazo sikuzitaka ili nipate sababu ya kusimama pale. Ndipo nikakumbuka siku ya kukaa.

Nilikuwa nimeisahau kabisa. Kila Desemba, siku moja kabla ya kwenda Kitale kwa Cucu, nyanya yetu, kwenye boma anakokaa Mama sasa, uliosha Pijo, ukaileta mbele ya mlango, ukatuita tuingie wote. Si mchezo, tuingie na mizigo yetu. Thamosi ya chai miguuni pa Mama. Kiondo cha waru katikati yangu na ndugu yangu Kimani. Ulikunja gazeti na kulipitisha chini ya fulana ya kila mtoto, kifuani mpaka tumboni, ili tusitapike, na karatasi ilikuwa baridi kwanza halafu ikapata joto. Ukafunga milango. Ukashika usukani. Na hukuwasha gari.

Watoto wa ploti, vile vyumba vya kupanga tulivyoishi, walikuja kukaa ukutani kututazama. Mama aliona aibu, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. "Njoroge, watu wanatuangalia," alikwambia.

"Waangalie," ulimjibu. "Mtoto analia kwa sababu safari ni ngeni. Akishaifanya leo, kesho haimshtui."

Halafu ukaanza kutuendesha kwa mdomo. "Sasa tuko Ruiru. Hapa tunakata kushoto? Kimani?" Na Kimani anapiga kelele kwamba ni kulia, nawe unamshukuru kama aliyeokoa maisha yetu. "Sasa tuko Uplands. Fungeni dirisha, baridi inaingia." Tunafunga dirisha, jua la Thika likituchoma. "Sasa tuko Kinungi. Kuna kondoo kwa barabara. Tungoje wapite." Tunangoja. Kweli tulingoja, Baba, watu wanne ndani ya gari lililozimwa, tukiangalia kondoo wasiokuwepo. Naivasha tulikunywa chai. Nakuru uliuliza nani anataka kukojoa, na aliyetaka alikimbia choo cha ploti na kurudi haraka asije akaachwa. Salgaa, penye ajali nyingi, ulisema tu, "Hapa hatuongei," na hatukuongea. "Sasa tuko Timboroa. Maitu, vuta blanketi."

Nikavuta. Na hapo ndipo nilipolala, kila mwaka. Joto la gari, waru tumboni, gazeti kifuani, sauti yako. Nikiamka niko kitandani, viatu vimevuliwa, na safari imekwisha bila mimi.

Nilimaliza chipsi zako, maana nilizihesabu kuwa zako, nikachukua gari langu na kurudi Ruiru nikiwa na haraka.

Leo saa kumi jioni nilifanya ulivyofanya. Niliosha gari hapa chini, nikapakia mizigo yote, hata poti. Nilimfunga Njoroge kwenye kiti chake na gazeti chini ya fulana. Alilia kama kawaida, miguu inapiga kiti. Nikakaa mbele, nikashika usukani, nikasema, "Sasa tunatoka Membley." Soja anayelinda lango akaja akainama dirishani.

"Madam, gari imekataa kuwaka?"

"Hapana. Tunaenda Kitale."

Aliliangalia gari, akaangalia ukuta ulio mbele yake. "Sawa," alisema. "Mfike salama."

Niliendelea. Githunguri Njoroge bado analia. Uplands nikamwambia afunge dirisha, nikalipandisha mwenyewe kwa kidude, akanyamaza ili aone linavyopanda. Nilipofika Kinungi na kusema kuna kondoo, akasema, "Mee." Nikamwambia tungoje wapite. Akangoja, machozi yangali mashavuni, akiangalia ukuta wa jirani kwa makini sana. Tulipofika Naivasha akataka kondoo tena, na Gilgil tena, hata Nakuru mjini ikabidi niweke kondoo. Salgaa nilinyamaza. Naye akanyamaza.

"Sasa tuko Timboroa," nikasema. "Baba, vuta blanketi."

Ndiyo, nilimwita Baba. Akavuta blanketi. Na mimi sikuwa na neno lingine. Nilikaa na mikono kwenye usukani, nikajaribu kukumbuka ulichosema baada ya hapo, na hapakuwa na kitu, kwa sababu sikuwahi kuwa macho. Naijua barabara, ramani iko kwenye simu. Lakini nilitaka maneno yako, na kwangu maneno yako yanaishia Timboroa. Njoroge akauliza, "Mee?" nami nikaanza kulia.

Nikampigia Mama.

"Mama, Baba akitoka Timboroa alikuwa anasema nini?"

"Timboroa gani?"

"Kwa ile gari. Pale Makongeni, siku ya kukaa."

Nilisikia akiweka chini sufuria. "Haiya," alisema. "Hiyo bado unakumbuka?"

"Nilikuwa nalala. Sijui iliisha aje."

"Uko wapi saa hii?"

"Tuko ndani ya gari. Njoroge amevuta blanketi, anangoja."

Kisha akasema, "Weka simu kwa sauti asikie."

Niliiweka. Na Mama, ambaye miaka yote ile alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, akaanza kusema kwa sauti yako. Si kuigiza. Ni ule mwendo wako wa kusema neno na kupumzika. "Sasa tuko Burnt Forest. Twende pole pole, hakuna mtu anatukimbiza. Sasa tuko Eldoret. Msiangalie watu, angalieni mizigo. Sasa tuko Soy. Mahindi huku, mahindi huku." Kwenye kioo nilimwona Njoroge macho yanamlemea. Hapo Soy usingizi ukamchukua.

"Amelala," nilinong'ona.

"Hata wewe ungekuwa umelala," Mama alisema. Halafu akaniuliza, "Unajua hiyo haikuwa yenu?"

"Nini?"

"Hiyo kukaa kwa gari. Haikuwa ya nyinyi watoto. Ilikuwa yake. Baba yako aliogopa hiyo barabara kuogopa kabisa. Hangelala kama hajaipitia yote kwanza. Mkishalala nyinyi ndiyo alikuwa ananipa mkono, nimshikie mpaka Moi's Bridge. Mkono imelowa jasho, na gari haijawashwa."

Baba. Wewe uliyekuwa ukiingiza mikono kwenye mashine za kiwanda zinazong'ata vidole vya watu. Wewe uliyefika Kitale kila Desemba ukashuka ukapiga miayo kana kwamba umetoka dukani. Nilikaa nikiangalia mikono yangu kwenye usukani, nikaitambua. Nilikuwa nimedhani sikurithi ujasiri wako. Kumbe huu wa kwenda huku unaogopa ndio huo, uliniachia ulivyo, pamoja na jasho lake. Nilicheka nikiwa bado nalia.

"Sasa ilikuwa inaisha aje?" nilimuuliza.

"Alikuwa anasema, sasa tumefika, Mama Kimani, shuka ufungue. Na mimi nashuka, naenda kufungua lango ya ploti, watu wote wananiona, halafu tunawabeba kuwapeleka kitanda. Kila mwaka nilimwambia mwaka ujao sishuki. Na nilishuka."

Nilichosema kikatoka chenyewe, kwa sauti ya mtu aliyefika.

"Sasa tumefika, Mama. Shuka ufungue."

Nikasikia kiti kikisogezwa, halafu slipa zake, polepole kwa sababu ya magoti, sakafuni, kisha kwenye changarawe. Ng'ombe akalia karibu na simu. Mama akamwambia aondoke njiani. Halafu nikalisikia, Baba, lile lango la Kitale ulilokuwa ukisema kila mwaka utalitia mafuta. Lililia kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Nimefungua," Mama alisema. Alikuwa anahema. "Na sifungi. Hiyo ng'ombe nitaifunga kamba. Sasa niambie, mume wangu atafika nyumbani saa ngapi?"

Nimemtoa Njoroge kwenye gari akiwa amelala, nimemvua viatu. Mizigo imebaki ndani, iko tayari. Kesho Uplands nikianza kutetemeka nitafunga dirisha na kusema kwa sauti mahali tulipo. Sitageuza. Wewe tulia huko nyuma ya nepia, majani ya ng'ombe, ulikolala, tunakuja kukuona, nawe tumekubeba kiti cha nyuma, na gazeti kifuani.

Ni mimi, Maitu,
mama yako wa mara mbili.