Kumbukumbu ya Susu Kalunde na Mgomba Wake

Ni mwaka mmoja sasa, Susu, bibi yetu, tangu uache kusuka kiondo chako kabla hujafika mdomoni. Bado kiko kwa msumari pale jikoni, nyuzi zimelegea. Mama amekataa mtu akimalizie.

Ulikuwa na miaka tisini na kitu. Ulisema ulizaliwa mwaka wa njaa, na tukiuliza njaa gani, unajibu, "Ile iliyonikuta." Mtu akipita Kathonzweni bila kuingia kunywa uji wako, ulimwita kwa jina la baba yake mpaka arudi kwa aibu.

Kisha kifua kikakushika, ukapelekwa Nairobi. Mjukuu wako Jonah akapiga simu kwa duka la Mjomba Kiema, Malili. "Daktari amempumzisha Susu na mashine," alisema. Alitaka kusema mashine inakusaidia kupumua. Lakini kwetu, aliyepumzishwa ameshakufa, ni wa kuombewa. Mjomba akafunga duka. Jioni kanisa lote lilikuwa kwa boma lako likiimba, na vijana walikuwa ndani ya shimo la kaburi mpaka kifuani.

Huko hospitali daktari hakumficha Mama. "Wa umri wake, wengi hawatoki kwa hii mashine. Na anayetoka huwa amechoka, hakai sana."

Mama akamjibu, "Huyu hajawahi kuwa kama wengi."

Ukatoka. Ule mpira wa mashine ulikukwaruza koo, sauti ikawa ya jogoo mchanga, lakini ukatoka.

Ulipofika nyumbani ukaona shimo.

"Kiema, hii ni choo ya nani?"

"Mwaitu, mama yangu, tulisikia vibaya."

"Na mbuzi wangu yuko wapi?"

"Tulimla."

"Hata mguu hamkuniwekea!"

Wazee wakasema kaburi halifukiwi tupu, lazima lizikwe shina la mgomba. Ukakataa. "Mgomba uliokufa wa nini? Leteni chipukizi. Shimo zuri hivi la kushika maji, nyinyi mnataka kuliziba?" Ukapanda mwenyewe, tumekushika kwapani. Tangu siku hiyo maji ya kuoga hayamwagwi ovyo.

Kifua kilipoanza tena kukwaruza, ulituita. "Ile mashine ni nzuri, ilinirudisha niwaseme. Lakini ni kama mtu mwingine anakupulizia moto jikoni kwako. Safari hii nataka kupuliza mwenyewe, mpaka uzime."

Mama akalia. "Na kama ungetoka tena?"

"Ndila, nimeshatoka. Sasa wacha niingie."

Usiku ulipozidiwa, gari lilikuwa limeshaitwa. Mama alisimama mlangoni muda mrefu, halafu akalirudisha. Haikuwa rahisi, Susu. Kuna siku bado anauliza kama alifanya vyema. Uliingia asubuhi, kwa kitanda chako, majirani wakipiga mbaazi uani.

Tulikuzika kando ya mgomba. Mwezi huu umezaa. Mama alikata mkungu akagawa kila nyumba, hata kwa wazee waliotaka shina. Mjomba Kiema alivua kofia ndipo akala, kama mtu kanisani. Kisha Mama akakaa pale chini na kusema kwa sauti, "Mwaitu, umepumzika."

Safari hii hakuna aliyesikia vibaya.

Unakumbukwa na binti yako Ndila, mwanao Kiema na mkewe Muthoki, wajukuu wako Jonah, Nthenya na Musembi, na wote waliokunywa uji wako. Maji ya kuoga bado ni ya mgomba, Susu. Tutakukumbuka daima.