Wanasema Nimenenepa

Mpendwa Shangazi wa redio,

Naomba unisaidie na unisikilize mpaka mwisho, maana hapa Kakuma sina wa kumwambia, kila nitakayemwambia atamfikishia mama mkwe wangu kabla jua halijapanda. Mimi ni mke wa Lomenen, ambaye anafanya kazi ya barabara huko Kainuk na huja nyumbani mara mojamoja, na nina mimba ya kwanza, imeingia mwezi wa nane. Kabla ya mimba hii nilikaa bomani kwao miaka bila mtoto nikaitwa tasa, mama mkwe alikuwa akinipa kibuyu cha maziwa bila kunitazama usoni, lakini tangu tumbo lionekane amekuwa mama kweli, ananiyeyushia mafuta ya mkia wa kondoo, hataki nibebe maji, na sasa uso wangu umejaa mpaka macho yamekuwa madogo, naye ananishika mkono ananipeleka kisimani kwa wanawake, anawaambia, "Angalieni mke wa mtoto wangu. Nani alisema kwangu kuna njaa?"

Shangazi, hapo ndipo shida yangu ilipo, kwa sababu mimi mwenyewe sijui kama huu ni unene. Kiungulia ninacho, mgongo unauma, haja ndogo haiishi, wanawake waliozaa wameniambia hayo ni ya mimba na nimeyakubali, lakini uso unavimba asubuhi nikiamka, kabla sijaonja chochote, vidole havikunjiki kushika sindano, na shanga za shingoni zilizokuwa zikicheza zimenibana mpaka nikatoa zile za chini, nikadanganya kwamba uzi umekatika. Halafu kichwa. Kinaniuma hapa mbele mchana kutwa, na juzi nikikama mbuzi niliona vitu vinametameta mbele ya macho kama vigae vya chupa juani, nikamwaga maziwa, mama mkwe akacheka akasema mtoto wangu atakuwa mtundu. Mtoto anacheza, lakini naona amepunguza, au labda ni mimi ninayemsikiliza sana kwa sababu ya hofu.

Sasa nikwambie jambo la aibu. Jioni tunakaa nje ya duka la Bwana Omollo kusikiliza redio yake, na kwa kuwa ni mimi niliyesoma shule ya misheni, ni mimi ninayewatafsiria wanawake kwa Kiturkana. Kipindi kilichopita wewe mwenyewe ulisema mjamzito akivimba uso asikae nyumbani. Wote wakanigeukia wakingoja, mama mkwe akiwa karibu yangu na mkono wake juu ya goti langu. Nikawaambia Shangazi anasema tuchemshe maji ya kunywa.

Nilifanya hivyo kwa sababu nikisema ukweli wanawake watamcheka kwamba amekuwa akitembeza ugonjwa kisimani, watasema mafuta yake yameniharibu, na mimi nitarudi kuwa yule wa kupewa kibuyu bila kutazamwa. Zahanati ya misheni nilienda mwanzoni tu, sasa ninaogopa wakinipima watanipeleka hospitali kubwa ya Lodwar, na mume wangu aliacha neno kwamba Lodwar nisiende mpaka aje anipeleke yeye, tena mawingu yameanza kukusanyika, na makorongo yakijaa hakuna gari litakalopita. Je, nimngoje? Huu ni unene au ninaumwa? Nakuomba usitaje jina langu, na Kakuma pia usiitaje.

Ni mimi, mwenye roho mkononi.

*

Binti yangu,

Jina lako sitalitaja. Kakuma nimeitaja, tena kwa makusudi, ukitaka kunikasirikia utanikasirikia ukiwa mzima. Niliposoma habari ya vile vinavyometameta niliiweka barua yako mbele ya nyingine zote. Imepanda malori na kupita posta, na muda wote huo wewe umekaa na kichwa hicho ukitabasamu kisimani. Ninakuhurumia sana, na hasira nawe ninazo.

Miezi mitatu ya mwisho ina vurugu zake, wenzako hawakukudanganya. Kiungulia, mgongo, haja ndogo, usingizi wa mang'amung'amu, pumzi fupi, tumbo kukaza kidogo na kuachia, hata hasira zisizo na sababu, hayo utayabeba mpaka ujifungue. Miguu nayo huvimba jioni ukisimama sana, ukiinyanyua ukapumzika inapungua. Lakini uso wa kuvimba asubuhi, vidole visivyokunjika, kichwa kisichoachia na macho kuona vimulimuli, hayo hayamo katika mzigo huo. Ukisikia na maumivu makali chini ya mbavu, au ukaona damu, ni hatari juu ya hatari. Hizo ni dalili za presha ya damu kupanda, na mwisho wake ni kifafa cha mimba. Kinaangusha mama aliyekuwa anazungumza na watu, na mara nyingi mama na mtoto huondoka pamoja. Nimekwambia wazi kwa sababu ukiambiwa kwa upole utachemsha maji.

Na hilo la maji, shika adabu yako. Maji ya kuchemsha ni mazuri, ila mimi sikuyasema siku ile. Hukunidanganya mimi, ulijinyima wewe dawa, na labda ulimnyima mwingine aliyekuwa amekaa hapo na uso kama wako.

Hungoji mume. Aliacha neno lake akiwa hajauona uso huu, wala hakujua siku hii itafika. Kipindi hiki kikiisha unakwenda zahanati, hupitii nyumbani kuchukua shuka. Wapime presha, wapime mkojo, na waambie kichwa, macho, vidole, na mtoto aliyepunguza kucheza, usifiche hata kimoja. Wakisema Lodwar, ni Lodwar, kwa gari la kwanza, ulale kwa ubavu wa kushoto, na mtu mzima awe nawe njiani. Huenda wakaamua uzae mapema. Kubali. Mafuta ya kondoo hayatibu ugonjwa huu, na vidonge vya kichwa vya dukani pia havitibu.

Najua unamwogopa mama mkwe, na najua si kwa ubaya wake. Umeonja kupendwa baada ya miaka ya kiu, unaona ukifungua mdomo utapokonywa. Lakini mwanamke aliyekuzuia kubeba maji hataki kukuzika. Mpe nafasi ya kukuokoa, maana hawezi kutibu asichokijua.

Sasa umekaa nje ya duka, wanawake wamekugeukia, mkono wake uko juu ya goti lako. Tafsiri haya yanayofuata, usipunguze neno:

"Mama, mafuta yako hayakumdhuru huyu. Ulimlisha kwa upendo na hakuna wa kukucheka. Lakini shika mguu wake sasa hivi, bonyeza mfupa wa mbele kwa kidole gumba, kaza, kisha uachie. Mtu aliyenona, nyama yake hurudi. Ikibaki na shimo, hayo ni maji ya ugonjwa, na mkwe wako anaweza kufa huku akisifiwa. Hata shimo lisipobaki, kichwa chake na macho yake vinatosha, mpeleke. Ulimshika mkono ukampeleka kisimani watu wamwone. Mshike mkono uleule mwende zahanati."

Bwana mwenye duka, wewe Kiswahili unakijua, na Kiturkana cha biashara kinakutosha. Ukimsikia anasema habari za kuchemsha maji, msahihishe mbele ya wote. Kisha zima redio.

Binti, wanakungoja. Sema.