Ugali wa Shikome na Vidonge vya Baba

Mshauri mpendwa, mtoto wangu Anatoli sasa hivi amechukua kiazi cha kuchemsha akampelekea babu yake, nami nimemkimbilia nikakipokonya mbele ya mzee, na kwa aibu hiyo nimeshika kalamu unisaidie. Baba mkwe wangu, mzee Bundala, alipimwa hospitalini Bariadi akaonekana ana kisukari, akapewa vidonge, halafu nesi Lukresia akaja hapa kijijini Sapiwi akatufundisha wanawake kwamba mgonjwa apunguziwe ugali, aongezewe mboga, chai isitiwe sukari, miguu iangaliwe isipate vidonda. Mpishi ni mimi, nikashika yote. Lakini baba anakula shikome, pale kwenye moto wa wanaume, sahani moja na wanawe na wageni, nikamtengea chake akakirudisha akasema, "Nile peke yangu, kwani nimeiba?" na mimi mkwe siwezi kumjibu, basi nikapunguza ugali wa wote. Sasa shemeji Thomasi ananiuliza kama napikia vifaranga, na baba kwa kuwa ndiye mwenye mji anawaachia wageni, ananawa mapema. Siku hizi akishameza vidonge anatoka jasho na kutetemeka, mama mkwe anasema namuua kwa njaa, mimi naona ni sukari inapanda ndiyo maana nikapokonya kile kiazi, nampenda baba, nataka amwone Anatoli akienda shule, niambie kama nipunguze tena au, ngoja, mama anaita, "Milembe, njoo, baba yako ameanguka," na

JIBU

Milembe mwanangu, barua uliitia posta, kwa hiyo naamini mzee aliinuka. Natumaini mama alikuita umrudishie kile kiazi.

Moyo wako ni mzuri, lakini umekosea, tena pabaya. Vidonge vile vinashusha sukari. Ukivimeza bila kula, inashuka mno, ndilo hilo jasho na huko kutetemeka. Akianza tena, mpe haraka maji yenye sukari, kisha chakula. Akishindwa kumeza usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na arudi huko hata sasa, daktari aviangalie vidonge vyake. Siku asiyokula asivimeze kabla ya kuuliza.

Ugali wa shikome urudishe ulivyokuwa, na bakuli la mboga lijae. Mumeo akae ubavuni kwa baba yake, amkatie matonge yake mapema, mzee ayale yote, wageni wamalizie ugali uliobaki. Hilo mtoto wa kiume anaweza kulisema, wewe usijibebeshe.

Nesi amefundisha wapishi, walaji wakabaki motoni wanacheka. Nenda na mama mkwe wako kwa mwenyekiti wa kijiji, mwombe Lukresia aje jioni azungumze palepale shikome, Thomasi akae mbele.

Ukitoka huko mchemshie Anatoli kiazi kingine. Siku ile ni yeye peke yake aliyempelekea babu mwenye njaa chakula.