Stika ya Bwana na Bibi Maluki

Kaveke,

Chai iko kwa thamosi. Kuku wamekula, usiwape tena. Watoto wasiguse ile kadi ya Krismasi ya kanisa.

Imeletwa leo asubuhi. Juu wamebandika stika ya kompyuta: "Bwana na Bibi Maluki." Bibi gani? Si ni hao hao wazee wa kanisa walisimama kwa kaburi la mama yenu Agosti, wakaomba mpaka jua likatuchoma?

Nikampigia mwenyekiti wao simu. Akacheka. "Mzee, hiyo ni kompyuta tu." Nikamuuliza, "Wewe ni mkubwa wa kompyuta ama kompyuta ndiyo mkubwa wako?" Akakata.

Wakubwa ni hivyo. Kuandika jina la mtu kwa mkono kumewashinda, na bado wanasema wanatujua. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini kadi zetu mama yenu alikuwa anasema majina, mimi naandika, herufi moja moja.

Sasa na wewe, zile stika za majina umeprinti huko saiba ya Thika, kwa kompyuta za kulipia, usibandike kwa kadi yetu hata moja. Shangazi yako wa Theta aandikiwe kwa mkono. Kama mwandiko wangu unakuaibisha, andika wewe.

~~Naenda ofisi ya kanisa wafute jina la mama yenu.~~

Siendi huko. Wakishafuta, nani mwingine atamwandika? Niko shamba, narudi jioni. Lakini huyo mwenyekiti asinisalimie Jumapili.

Baba