Gobori Mtaani Walthamstow

Walthamstow, London
9 Agosti 2005

Kaka Muhiddin,

Assalaam alaykum. Natumai barua itakukuta mzima wewe na nyumba yako, na goti limepunguza kuuma. Sisi huku wazima, ila mimi mgongo, kwa kuwainua wazee wa Kizungu vitandani kutwa. Mwanao Himid hajambo. Anakula vizuri, anasoma, na bado anaacha taa zinawaka kila chumba kama nyumba ya sultani.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe unanguruma na mimi naishia kusema "ndiyo kaka". Habari yenyewe ni ya lile gobori. Himid kaniambia umemwagiza atafute bunduki ya kizamani, atangulie nayo kucheza ngoma ya razha mbele ya mwanangu Khelef siku ya harusi, kama mnavyofanya huko Maskati. Keshalinunua kwa muuza vitu vya kale. Mtutu umezibwa kwa chuma, haliwezi kuua hata panzi. Lipo uvunguni mwa kitanda changu, na kila nikifagia naliona.

Kaka, hapana. Mwezi uliopita watu wamelipua mabomu hapa kwenye treni na basi, na wiki mbili baadaye polisi wakampiga risasi kijana wa watu ndani ya treni, kumbe hakuwa na kitu. Siku hizi nikikaa na buibui langu kwenye basi, wa pembeni anakumbuka kwamba anashuka. Na wewe unataka mtoto mwenye kanzu na kilemba apite mtaani na bunduki. Nimeona kinyaa. Sheria ya hapa tangu mwaka jana inasema hata bunduki ya bandia, ukiibeba hadharani bila sababu ya maana, ni kosa. Khelef atakwenda na matari na udi, na itatosha.

Wasalimie wote.

Nduguyo,
Zuwena


Maskati
21 Agosti 2005

Dada yangu Zuwena,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Alhamdulillahi kwa uzima wenu, na pole kwa mgongo. Goti langu ni lile lile. Daktari kanikataza wali, nami nimemkataza yeye kunikataza.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimecheka. Umekuwa Mwingereza, unaogopa chuma kilichozibwa. Hebu nikuulize, mwizi anabeba silaha yake vipi? Anaificha kwapani. Anayepita nayo wazi, mchana kweupe, kila mtu akamwona uso na mikono, huyo keshasema hana baya. Marekani kuna majimbo mtu anaingia dukani na bastola kiunoni na anauziwa maziwa yake akaenda zake. Na huku kwetu mwanamume akija harusini bila jambia, watu wanamuuliza kama anaumwa. Kubeba wazi ni adabu, dada. Hatia iko kwenye kuficha.

Baba yetu aliongoza razha Unguja miaka kumi. Mjukuu wake aende mikono mitupu kama mpishi? Wewe shughulikia pilau, mambo ya wanaume tuachie wenyewe.

Kaka yako,
Muhiddin


Walthamstow
1 Septemba 2005

Kaka,

Salamu nyingi, na poleni na joto. Naandika mbio kabla sijaingia zamu.

Unasema anayebeba wazi hana baya. Januari ya sitini na nne, wewe una miaka kumi na saba na mimi kumi na mbili, nani alikuwa anaficha? Walipita mlangoni kwetu mchana kweupe, bunduki begani, na mmoja wao tulikuwa tunampelekea halua kila Idi. Nyuso tuliziona na mikono tuliiona. Siku tatu tulilala uvunguni, Mama kamziba mdogo wetu mdomo kwa kanga asikohoe. Wewe ulijikojolea. Sikucheki, mimi mwenyewe nilikuwa karibu. Sasa niambie, wale nao walikuwa na adabu?

Anayebeba anaujua moyo wake. Anayemwona anaijua bunduki tu. Mbele ya nyumba yangu anakaa bibi wa Kizungu ana miaka themanini, anaishi peke yake na paka. Atajuaje kwamba mtutu umezibwa, atoke akauchungulie?

Nimemwambia Himid gobori lisitoke uvunguni. Kanijibu, "Sawa, shangazi." Basi na wewe liache lilale.

Nduguyo,
Zuwena


Walthamstow
27 Septemba 2005

Kaka Muhiddin,

Himid yu hai. Naanza na hilo, salamu zitafuata.

Jumamosi tulitoka nyumbani saa nane mchana. Ukumbi uko mitaa mitatu nyuma ya soko. Matari mbele, sisi wanawake nyuma na vyetezo vyetu. Tulipokata kona ya kwanza nikamwona Himid anashuka kwenye gari la rafiki yake na gobori mkononi. Akaingia mbele ya Khelef, akalinyanyua juu kwa mikono miwili, akaanza kucheza. Na watu wetu, wajinga, wakapiga vigelegele. Tukaenda hatua mia, labda mia na hamsini, kisha zikaja gari mbili na njia ikafungwa.

Polisi wa hapa kwa kawaida hawana bunduki. Hawa walikuwa nazo, na zote zilimtazama mtoto mmoja. Wakampigia kelele aweke silaha chini. Unajua alitaka kufanya nini? Alitaka kuligeuza awaonyeshe mtutu umezibwa. Alidhani wakiona watacheka. Nikamwita kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, "Himid, liache! Liache lianguke!" Akaliacha. Kiganja chake alikuwa keshaanza kukigeuza, kaka. Nilikiona. Wakamlaza kifudifudi barabarani na kanzu yake nyeupe, pua kwenye lami. Lila wa watu, bibi harusi wetu, alikaa na hina yake ukumbini saa tatu nzima, anamsubiri bwana harusi anayehojiwa na polisi.

Wamemwachia kwa dhamana. Kashitakiwa kwa kubeba bunduki ya bandia hadharani. Jana nilimkalisha nikamuuliza, nilikukataza, kwa nini? Akaniangalia kama mtu aliyeonewa. Akasema, "Lakini shangazi, baba alinipigia Ijumaa. Kaniambia umekubali, na kwamba umekwenda mwenyewe kituoni kuwaarifu polisi."

Mimi, kaka? Nilikwenda kituo gani?

Nduguyo,
Zuwena


Maskati
10 Oktoba 2005

Dada yangu,

Wa alaykum salaam, ingawa barua yako haikuwa na salamu. Tumshukuru Mungu kwa kumlinda kijana wetu. Sote tumesikitika, na mke wangu hakula siku mbili.

Lakini usilikuze jambo. Lile neno la kituoni nililisema kumtia moyo, kwa kuwa nilijua utabisha mpaka siku ya mwisho. Ni neno dogo la baba kwa mwanawe. Kosa ni la aliyepiga simu polisi. Watu wanacheza, wanapiga matari, wananukia udi, yeye anaona vita. Mwambieni wakili aeleze kwamba ni mila yetu. Waingereza wanapenda sana mila za watu, wamezijaza kwenye makumbusho yao.

Hongera kwa harusi. Picha sijazipata.

Kaka yako,
Muhiddin


Walthamstow
18 Oktoba 2005

Kaka,

Assalaam alaykum. Afya zetu hazina neno. Himid halali vizuri na amepungua.

Nimeimeza hasira yangu kwa sababu nina haja nawe. Wakili wetu ni Dinah, dada wa Kikenya ana ofisi Stratford, mtu wa kweli. Anasema mila peke yake haitoshi, maana mila ingeweza kuchezwa ndani ya ukumbi. Lakini mtu akiambiwa na baba yake mzazi kwamba polisi wamearifiwa, naye akaamini, hiyo ni sababu ambayo hakimu anaweza kuikubali. Anataka karatasi moja tu kutoka kwako, uandike ulichomwambia Himid Ijumaa ile, utie saini mbele ya wakili wa huko. Alivyosema mwenyewe, "Mama, hii kesi iko kwa kalamu ya babake."

Himid hataki kusema. Nimembembeleza, nimemgombeza. Anasema hawezi kusimama mbele ya Wazungu amwite baba yake mwongo, ila baba mwenyewe akiandika, atasema. Kesi ni tarehe ishirini na mbili Novemba. Viza yake inaisha Januari na uhandisi kabakiza mwaka mmoja. Akitiwa hatiani, watu wa uhamiaji kule Croydon huenda wasimwongezee hata siku. Miaka mitatu ya kusoma yote itakwenda na maji, na yeye anajua.

Mistari mitano, kaka. Sijakuomba kitu tangu Mama afe.

Nduguyo,
Zuwena


Walthamstow
24 Novemba 2005

Kaka Muhiddin,

Assalaam alaykum.

Karatasi haikuja. Nilipiga simu mara sita. Mkeo kaniambia umelala, na huko ni saa nne asubuhi.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, hakuwa mkali. Alimuuliza Himid, "Kuna mtu alikwambia unaruhusiwa?" Dinah akamwangalia. Mimi nikamwangalia. Himid akatazama viatu vyake, akasema hakuna. Akatiwa hatiani. Kapewa saa mia na ishirini za kazi bila malipo, na kuanzia Jumamosi hii ataokota makopo ya bia makaburini na fulana ya rangi ya machungwa. Ndiyo razha yake hiyo.

Tulipotoka aliniuliza kama baba aliandika. Nikamwambia ameandika, barua imekwama posta. Sikujua nitasema nini kingine. Miaka hamsini na tatu nimeishi bila kumdanganya mtoto, nimeanza kwa ajili yako, na mdomo wangu mwenyewe unanichefua.

Nduguyo,
Zuwena


Maskati
20 Januari 2006

Dada yangu mpenzi Zuwena,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai mwaka mpya umewakuta na afya, na baridi haijaubana mgongo wako. Sisi tu wazima na furaha imejaa nyumba.

Nimesikia viza imekataliwa. La kheri. Vyuo vipo hata huku. Na mimi ninayo habari, mwezi uliopita nimechaguliwa mzee wa mtaa wetu, kwa kauli moja. Sasa utaelewa kwa nini sikuweza kuandika ile karatasi. Mtu hawezi kuwa mzee wa watu na huku jina lake liko kwenye mahakama ya Waingereza, limeandikwa kwamba alimdanganya mwanawe. Nilijua Himid ataninyamazia. Ni damu yangu yule. Nimejivunia sana.

Akishuka uwanja wa ndege tutampokea kwa razha. Bunduki kumi na mbili, za kweli safari hii, na kibali ninacho. Yeye atatangulia na bunduki yangu mwenyewe. Hapa hakuna bibi wa paka wa kupiga simu. Mpe barua hii aisome, aone baba yake anavyomsubiri.

Kaka yako,
Muhiddin


Walthamstow
12 Februari 2006

Muhiddin,

Wa alaykum salaam. Kujibu salamu ni wajibu, nimejibu.

Barua yako nilikaa nayo siku nne. Siku ya kwanza nilitaka kuichoma. Nilipofika pale unapojivunia, niliinuka nikaenda kunawa mikono. Ulijua mtoto atajifunga mdomo kwa ajili yako, ukaukalia huo mdomo kama kiti mpaka ukawa mzee wa mtaa. Siku ya nne nikaona nimechoka kukusaidia kudanganya. Nikampa.

Aliisoma jikoni amesimama. Alipofika kwenye habari ya karatasi akarudi juu, akaisoma tena. Akaniuliza, "Kwa hiyo haikukwama posta?" Nikamwambia haikukwama. Nikamwomba radhi, na akanisamehe pale pale, jambo ambalo lilinitia uchungu zaidi. Kisha akaikunja vizuri, akanirudishia, akavaa makoti yake mawili akaenda makaburini kumaliza saa zake zilizobaki. Hakukutaja. Hajakutaja tena mpaka leo.

Ndege yake iliondoka Alhamisi. Haikuwa ya Maskati. Amekwenda Unguja kwa wajomba zake, wamemtafutia nafasi ya kufundisha hesabu. Waambie wenye bunduki zao kumi na mbili wazirudishe ukutani.

Najua utapiga simu uniombe namba yake. Ninayo. Sikupi.

Shangazi yake Himid